Kiondo Hakina Kona

Nimesuka vyondo, vikapu vyetu vya makonge, tangu nikiwa mtoto wa kutumwa maji, na sasa nina vitukuu wawili. Nimesuka nikitembea, nimesuka nikinyonyesha, nimesuka kwenye matanga huku machozi yakidondoka juu ya makonge. Paja langu la kulia lina ngozi laini inayong'aa kama sahani, maana juu yake ndipo ninaposokotea kamba miaka yote hiyo. Mtu akiniambia sijui kusuka, nitamwonyesha paja.

Lakini mwaka jana niliambiwa kitu kingine, na hicho paja halikuweza kukijibu.

Chama chetu cha wasukaji hukutana kila Alhamisi nyuma ya kanisa, karibu na soko la Mbumbuni. Tuko wanawake ishirini na kitu. Mwenyekiti ni mama wa umri mdogo. Mimi mwenyewe nilimfundisha kuanza kitako cha kiondo akiwa bado hajaota matiti, na leo ndiye anaongea na wanunuzi kwa simu, miwani iko puani, kitabu kiko kwapani. Siku hiyo alisimama akatuambia kwamba mnunuzi wetu amechoka. Kila mwaka mistari ile ile, meno ya msumeno yale yale. Anataka mapambo mapya. Kwa hivyo kila msukaji alete pambo lake mwenyewe, ambalo hakuna mtu amewahi kuliona, Alhamisi ya kwanza baada ya watu kumaliza kupanda. Zilikuwa zimebaki wiki tisa.

"Na asiyekuwa na pambo?" mtu akauliza.

"Atakaa mkeka wa kamba," mwenyekiti akasema.

Mkeka wa kamba uko kando, karibu na tangi la maji. Hapo wanakaa wasichana ambao bado wanajifunza, na kina mama ambao macho yamekwisha. Kazi yao ni kusokota kamba ili wengine wasuke. Ni kazi ya heshima, sikatai. Lakini mtu aliyewafundisha nusu ya wale wanawake, aende kukaa pale awasokotee kamba? Hapana.

Hakuna aliyenitazama. Hapo ndipo nilijua wote wananifikiria mimi.

Kwa sababu ukweli ni huu: mimi najua mapambo matatu. Alinipa mama, naye alipewa na mama yake. Mikono yangu inayasuka yenyewe huku mimi nawaza kama maharagwe yameiva. Sikuwahi kujiuliza pambo linatoka wapi. Ni kama kuuliza tano inatoka wapi. Iko tu.

Wifi yangu, dada ya marehemu mzee wangu, ndiye ninayekaa naye kila Alhamisi. Aliniinamia sikioni.

"Wifi, twende wote mkeka wa kamba. Huko kuna upepo mzuri."

"Nenda wewe. Mimi macho bado ninayo."

"Macho unayo. Pambo je?"

Huyo mwanamke amenishinda kwa mdomo tangu siku niliyoolewa.

Sasa niwaambie juu ya mjukuu wangu wa kwanza. Kwetu Ukambani, binti wa kwanza wa mwanao anapewa jina lako, kwa hivyo mimi na yeye tuna jina moja. Mimi namwita wajina, yeye ananiita susu, yaani nyanya. Ni mwalimu kule mjini Kitui, anafundisha watoto kuchora. Nitajisifu kidogo, na mwenye kuudhika afunge kitabu: yeye ndiye mtu wa kwanza wa boma letu kuvaa lile joho jeusi na kofia ya pembe nne. Picha yake nimeitundika mahali ambapo mgeni akikaa lazima aione. Asipoiona, namhamisha kiti.

Nilimpigia simu nikamweleza mambo ya chama. Nilifikiri atanihurumia. Akacheka.

"Susu, mimi nina kundi kwenye simu. Kila Jumatatu natuma neno moja. Kila mtu anachora pambo la lile neno, anapiga picha, anatuma kabla Jumapili haijaisha. Nikuingize?"

"Mimi nichore? Niliacha shule darasa la tatu."

"Hakuna mtihani huko. Hakuna maksi. Ni kuamsha kichwa tu."

"Kichwa changu hakijalala."

"Basi kimesinzia, susu."

Akaniingiza. Sheria zilikuwa tatu. Karatasi ya mraba, upana wake kama kiganja. Kalamu nyeusi ya biro. Na hakuna kufuta: mstari ukishauchora, umeuchora. Hiyo ya mwisho niliipenda. Mimi siwapendi watu wa kufutafuta.

Neno la kwanza lilikuwa mbegu. Nililisha kuku, nikafuta meza, nikakata karatasi kwa mkasi wa kushonea, nikakaa. Ile kalamu! Nyembamba kama mguu wa kifaranga. Vidole vilivyozoea kuvuta makonge viliishika kwa nguvu mpaka ikaacha shimo kwenye karatasi. Nilikaa nikaitazama ile nyeupe mpaka chai ikapoa. Mwishowe nikafanya ninachokijua. Nikaweka nukta katikati, halafu nikaanza kuzunguka, mkono wa kushoto ukizungusha karatasi jinsi unavyozungusha kiondo magotini. Nikachora mbaazi, mbaazi, mbaazi, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka nikagusa ukingo. Nikaacha. Nikapiga picha, na kidole gumba changu kikaingia ndani yake.

Wale watu wa kundi siwajui. Ni walimu, wanafunzi, na fundi mmoja wa cherehani. Walinitumia mioyo myekundu na mikono ya kupiga makofi. Halafu sauti ya wajina ikaja.

"Nzuri sana, susu. Lakini umeacha kona."

"Kona gani?"

"Kona nne za karatasi. Ziko tupu."

Nikaiangalia tena. Kweli, zilikuwa tupu. Ziko pale nyeupe nne, zimenikodolea macho, na nilikuwa sijaziona kabisa.

"Kiondo hakina kona," nikamwambia. "Unaanza katikati, unazunguka, unafika ukingo, umemaliza. Kona za nini?"

"Kiondo hakina. Karatasi inazo."

Wiki ya pili neno lilikuwa upepo. Nikazunguka. Kona zikabaki tupu. Wiki ya tatu lilikuwa maji. Nikazunguka tena. Mtu mmoja wa lile kundi, kijana asiye na adabu, akaandika: "Susu ametuletea chapati nyingine." Watu wakacheka kwa zile sura za manjano zenye machozi. Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikatazama zile karatasi tatu nilizozipanga dirishani, na nikaona ni chapati kweli. Tena moja imeungua.

Wifi alinikuta mezani na kalamu.

"Kumbe umerudi shule! Nikununulie soksi nyeupe?"

"Nunua na mkoba."

"Hebu nione." Akaishika karatasi mbali na macho, akaisogeza karibu. "Hii ni nini?"

"Upepo."

"Uko wapi?"

"Unapita hapo."

"Umepita kweli. Mimi sioni kitu."

Nilimfukuza kwa mwiko. Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia, kwa sababu sikujua nilisemeje. Lile neno la Jumatatu lilikuwa linatembea na mimi. Wiki ya maji nilienda mtoni, na mto wetu ni wa mchanga tu mpaka mvua inyeshe, unachimba ndio upate. Nikaona pale maji ya mvua zilizopita yalipopita yameacha mikunjo juu ya mchanga, mikunjo midogo midogo, hakuna mmoja uliogusana na mwenzake. Nimepita hapo maisha yangu yote. Nilisimama na mtungi wangu mpaka jirani akaniuliza kama nimepandwa na presha. Wiki nyingine ilikuwa matope yaliyopasuka ya silanga, bwawa letu la kuchimba. Wiki nyingine maganda ya ndengu yaliyojikunja baada ya kupurwa. Vitu vilikuwa vinaniita kila upande kama watoto wenye njaa.

Hata kanisani. Mbele yangu aliketi msichana aliyesukwa nywele, mistari imetoka kwenye paji la uso ikapinda kwenda kisogoni, na mimi nikatoa kalamu nikaanza kuchora nyuma ya bahasha ya sadaka. Mchungaji aliona. Mwisho wa ibada akanisimamisha mbele ya watu wote: tazameni mama huyu, na umri wake, anaandika mahubiri, na nyinyi vijana mnasinzia! Watu wakapiga makofi. Nilikaa chini polepole. Nimeshatubu, lakini bahasha ninayo mpaka leo.

Basi, wiki tano zikapita. Nikasema sasa nichague pambo moja, nianze kusuka, siku zinakwisha. Nikachukua kitako cha kiondo nilichokuwa nimekianza, nikakata mzunguko wa mbaazi kwa mkasi, nikauweka juu yake nione utakaaje.

Ulikaa sawasawa. Ulikaa vizuri mno, na hapo ndipo nilipovunjika moyo. Nilikuwa nimechora kitako. Upepo, kitako. Maji, kitako. Wiki tano mwanamke mzima nimechora vitako vitano, ile sehemu inayokaa chini, ambayo ukishatia mahindi hakuna mtu anaiona tena. Pambo linakaa ubavuni, linazunguka kama mshipi. Hapo ubavuni nilikuwa sina hata mstari mmoja.

Sikumpigia wajina. Niliona aibu. Yeye ni mwalimu, anajivunia susu yake mbele ya wenzake, nitamwambia nini? Nilikaa nje kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza niliuwaza ule mkeka wa kamba kama mahali nitakapokaa kweli. Nilijiona hapo. Paja wazi, makonge mkononi, wasichana wanakuja wanasema, susu, ongeza kamba nyembamba.

Jumatatu neno likaja. Lilikuwa mpaka. Nikasema, haya, hili ni la mwisho, na safari hii hawatanitajia kona. Nitaanza na kona zenyewe.

Na mpaka ninaujua. Shamba langu na la jirani yametenganishwa kwa mstari wa makonge aliyoyapanda mzee wangu tukiwa bado vijana, majani yamesimama kama visu, hata ng'ombe anaogopa. Nikachora konge moja katika kila kona, shina likiwa ndani kabisa ya kona, majani yakifunguka kuelekea katikati. Yalikuwa manne, na kila moja lilijaa mpaka ukingoni. Halafu pale katikati palipobaki mkono ukaniponyoka, ukafanya chapati yake kama kawaida. Nikatuma.

Wajina hakutuma sauti, alinipigia simu kabisa, na huko nyuma watoto wa shule walikuwa wanapiga kelele.

"Susu! Umejaza kona!"

"Nimejaza."

"Hizo kona ndizo nzuri kuliko katikati. Unaona?"

"Naona," nikasema, lakini nilikuwa sijaona. Nilikuwa nimefurahi tu kwamba amefurahi.

Siku iliyofuata, kwa ukaidi wangu, nikachukua mkasi nikaikata ile chapati ya katikati ili niipime tena kwenye kitako. Ukaidi ni ugonjwa. Zile kona nne zikabaki vipande mezani, vyenye ncha upande mmoja na mkunjo upande wa pili. Nikavisukuma kwa kiganja nivitie motoni. Vikajipanga. Sisemi ni muujiza, ni meza tu na kiganja. Vipande viwili vilikaa ubavu kwa ubavu, kimoja kinatazama juu, kimoja kinatazama chini. Nikaleta cha tatu kwa kidole, kikatazama juu. Cha nne, chini. Konge juu, konge chini, konge juu, konge chini, na katikati yao nyeupe inapita kama njia inayopanda na kushuka.

Ulikuwa mstari, na mstari unazunguka ubavuni.

"Mungu wangu," nikasema, na kuku akakimbia.

Msifikiri hapo shida zilikwisha. Karatasi inakubali mkunjo, makonge hayakubali. Katika kusuka kila kitu ni ngazi: nyuzi mbili zinapishana, moja inapita mbele na nyingine nyuma, na ukitaka rangi ionekane unaileta mbele. Kwa hivyo jani la konge nikaligeuza kuwa ngazi ndogo ndogo. Nilitumia ile rangi nyeusi inayoletwa kutoka Emali, maana rangi ya magome ya miti inachuja. Nikahesabu, kila konge lilitaka nyuzi kumi na nane zilizosimama. Nikasuka mzunguko mzima, siku mbili nzima, na nilipofika mwisho, konge la mwisho likakosa nafasi. Likabanwa na mwenzake kama mtu aliyechelewa kwenye benchi la kanisa. Nikafumua. Nikasuka tena kwa kubana kidogo kila mahali. Likabaki pengo. Nikafumua.

Mapambo ya mama hayakuwahi kunifanyia hivyo. Hesabu yake mama alishaipiga, au mama yake, na mimi nilirithi jibu bila kujua kulikuwa na swali. Ndio nikamwelewa yule bibi wa zamani, yeyote yule, aliyekaa mahali akafumua na kufumua ili mimi nisifumue.

Nikampigia wajina.

"Ni kugawanya, susu. Chukua nyuzi zote za kitako, gawanya kwa kumi na nane."

"Kugawanya walifundisha darasa la nne."

Nikamsikia anajizuia kucheka. "Basi tumia mbaazi."

Nikamwaga mbaazi mezani. Nikapanga mafungu ya kumi na nane, fungu moja kwa kila konge, mpaka nikapata mafungu kumi, makonge matano ya juu na matano ya chini. Nikazihesabu zote pamoja: mia na themanini. Kitako changu kilikuwa na nyuzi mia na sabini na mbili. Nane tu! Nikafumua mpaka chini kabisa, nikaongeza nyuzi nane pale kitako kinapopanuka, na nikaanza upya, siku tisa kabla ya Alhamisi ile.

Mvua ilinyesha katikati ya wiki. Watu walikuwa shambani, na mimi nilipanda asubuhi na kusuka mchana, mgongo ukinilaani. Alhamisi ilipofika, kiondo kilikuwa nusu, hakina mdomo wala mikanda, lakini pambo lilikuwa limezunguka na kujifunga.

Kila mtu alitoa chake. Kulikuwa na moja lenye nyota, zuri kweli, la mama mmoja kutoka upande wa mlimani. Lilinitia wivu. Kulikuwa na yale yaliyoigwa kutoka sweta za watoto, na mwenyekiti aliyajua akayarudisha. Zamu yangu ilipofika akakishika kiondo changu, akakizungusha polepole. Nilijua anachotafuta: kiungo, pale mwanzo na mwisho vinapokutana, ambapo uongo wa msukaji huonekana. Akakizungusha mara ya pili. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akakizungusha mara ya tatu.

"Susu, hili umelitoa wapi?"

"Kwenye kona."

"Kona ya wapi?"

"Ya karatasi."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema makonge yangu yanafanana na vitunguu. Mimi nilikuwa natazama uso wa mwenyekiti, na moyo wangu ulikuwa unapiga kama wa msichana aliyeitwa na wazee.

"Ni nyuzi ngapi?" akauliza.

Msukaji hakuulizi hivyo kwa adabu. Anauliza hivyo akitaka kulisuka mwenyewe.

"Kumi na nane kila moja. Na kitako ni mia na themanini. Kitako kikikosea, usijidanganye kwa kubana. Fumua."

Akafungua kitabu akaandika, na akanionyesha nihakikishe kama namba ni sawa. Zilikuwa sawa. Halafu akasema agizo la kwanza litakuwa la pambo la nyota na la makonge, na kwa kuwa vyondo ni vingi, hata wasio na pambo lao watasuka haya mawili, wakiweza kuhesabu. Mwenye kushindwa, mkeka wa kamba.

Nilimtumia wajina picha. Akaiweka kwenye kundi, na chini yake akaandika maneno matano: Huyu ndiye susu yangu mimi. Nilimwambia mtoto wa jirani anisomee mara mbili, ingawa kusoma najua.

Alhamisi iliyofuata, wifi yangu, ambaye hakuwa ameleta pambo, alikaa ubavuni mwangu akiwa na kitako magotini na uso umekunjwa.

"Hili pambo lako lina shida kama wewe mwenyewe," akasema.

"Hesabu."

"Nimehesabu. Inabaki mbili."

"Basi umekosea chini. Fumua."

"Nifumue siku nne za kazi kwa sababu ya vitunguu vyako?"

"Hayo ni makonge. Na kama hutaki kufumua, pale kwenye mkeka nafasi iko."

Alinitazama kwa jicho moja baya. Halafu akaivuta kamba ya kwanza ikatoka, na ya pili, na akanisukumia kitako magotini ili nikishike wakati yeye anavuta. Nikakishika, na tukaanza kuhesabu tena kutoka katikati, yeye kwa sauti yake ya kugomba na mimi nyuma yake, moja, mbili, tatu, na wasichana wawili waliokuwa karibu wakaacha maneno yao wakaanza kuhesabu na sisi.